Diski C imebaki na MB 380 kwenye kompyuta ya steshenari. Nianzie wapi bila kugusa kazi za wateja?

Dada wa Steshenari (Makambako)

Habari za humu wakuu. Naomba mnivumilie kwa maelezo marefu, maana najua mtaniuliza tu.

Nina steshenari ndogo karibu na stendi: kuchapa, kuskani, fotokopi, picha za pasipoti, na kuwajazia watu maombi ya mtandaoni. Kompyuta ni Dell OptiPlex 3020, i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 8, diski ya GB 500 ile ya zamani ya kuzunguka, Windows 10. Niliinunua mtumba, na aliyeniuzia alishaigawa diski mara mbili: C ina GB 60, D ina GB 405. Huko D kuna GB 310 zimekaa bure kabisa. C imekuwa nyekundu tangu mwezi uliopita, na leo asubuhi imebaki MB 380.

Word inakataa kuhifadhi. Photoshop nikiingiza picha ya pasipoti inaniletea "scratch disks are full" halafu inajifunga. Jana mwalimu kaleta mtihani wa baiolojia wenye michoro mingi, printa ikatoa nusu ikasimama, akaondoka na nusu yake. Na huu ndio msimu wa maombi ya mikopo ya HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Vijana wako mlangoni na vyeti vyao vya kuzaliwa. Ukimwambia mmoja asubiri, anahamia duka la pili na harudi.

Nimeshamwaga pipa la taka. Nimeshafuta %temp%, folda ya mafaili ya muda, nikapata kama GB moja, kesho yake imekwisha. Fundi wa hapa anasema dawa ni kupiga Windows mpya, yaani kufuta C na kuisakinisha upya. Simbishii, ila kazi zote za wateja ziko Desktop, kila mtu na folda yake. Kuna mtu anarudi baada ya miaka miwili anataka CV yake ileile nibadilishe namba ya simu tu. Hiyo imani yao ndiyo inayonilipia pango, sitaki kuichezea.

Naomba kujua: naweza kukata nafasi ya D nikaipa C? Nini kinaila C kila siku wakati mimi sijaweka kitu kipya? Na ni kweli kompyuta ya zamani inatakiwa kuzimwa apdeti moja kwa moja?

kijana_wa_kitaa

Piga Windows dada, utazunguka bure. Au pakua programu yoyote ya kusafisha kompyuta, unabofya mara moja inatoa takataka zote. Mimi ndivyo ninavyofanya kwenye laptop yangu.

Fundi Rock City (Mwanza)

Dada, pole na kazi. Usipige Windows kwanza. Na mdogo wangu hapo juu, nakuelewa, lakini hizo programu za bofya-mara-moja nazikuta kwenye mashine za wateja kila wiki. Zinachofuta zaidi ni mabaki ya kivinjari, ambayo yanarudi ukifungua kurasa zilezile kesho, halafu zenyewe zinaketi humohumo C. Nyingine zinagusa rejista ya Windows, yaani daftari lake la mipangilio, na rejista haikupi nafasi yoyote ya maana hata ukiipunguza.

C haijai yenyewe. Kuna mwenye kuijaza, na kazi ya kwanza ni kumjua kwa jina. Pakua WizTree, chagua ile ya zip isiyohitaji kusakinishwa, uihifadhi na kuifungulia D, maana C haina pumzi. Bofya kulia, ifungue kama msimamizi, chagua C. Inasoma jedwali la mafaili la NTFS moja kwa moja, kwa hiyo hata kwenye diski ya kuzunguka haikuchoshi. Itakupangia folda kuanzia kubwa kwenda ndogo. Usifute chochote ukiwa humo ndani. Niandikie tu zilizo juu na ukubwa wake.

Pili, chukua CrystalDiskInfo, nayo ya zip. Ifungue uniambie neno lililoandikwa upande wa kushoto chini ya afya ya diski: Good, Caution au Bad. Mashine za kizazi hicho ni za mwaka 2013 na 2014 hivi. Kama diski ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, nataka kujua hali yake kabla hatujaanza kuihamishia mizigo.

Kuhusu kukata D uipe C: Windows inaweza kuipanua C pale tu ambapo nafasi isiyogawiwa imegusana na C upande wa kulia. Ukiipunguza D, nafasi unayoipata inatokea mkiani mwa D, na D yenyewe imekaa katikati. Ndiyo maana mtu anabofya kulia kwenye C anakuta Extend Volume imefifia. Zipo programu zinazoweza kuisogeza D nzima, lakini hapo unahamisha kila kilichomo, kwa saa kadhaa, kwenye diski ya zamani. Umeme ukikatika katikati ya zoezi unaweza kukosa D na C zote mbili. Kwa steshenari isiyo na UPS (betri ya akiba ya umeme) mimi sikushauri.

Apdeti usizime. Wewe unachomekewa flashi za mji mzima, kompyuta yako inahitaji kinga kuliko ya mtu anayekaa nayo nyumbani. Windows 10 ilifika mwisho wa matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kizazi cha nne hakimo kwenye orodha ya Windows 11. Kwa hiyo jiunge na ule mpango wa nyongeza ya ulinzi, ESU, uchukue kila apdeti ya usalama inayokuja. Uchafu wake tutautoa.

Dada wa Steshenari (Makambako)

Asante sana mkuu, sikutegemea jibu la namna hii. Nimefanya kama ulivyosema, wateja wamesubiri kidogo.

WizTree inaonyesha hivi. Users GB 24.2. Ndani yake Desktop ni 9.8, Downloads 4.1, AppData 9.4, zilizobaki ni Documents na vitu vidogo. Humo AppData, folda ya Temp peke yake ina GB 5.6, na karibu zote ni mafaili yanaitwa "Photoshop Temp" na tarakimu nyingi mbele. Folda ya Windows ni GB 21.5, ndani yake nimeona SoftwareDistribution GB 3 na kitu kinaitwa spool GB 1.4. Programu zote pamoja GB 5.6, ProgramData 1.1. Halafu kuna mafaili mawili yamekaa peke yake: hiberfil.sys GB 3.2 na pagefile.sys GB 4.

CrystalDiskInfo imeandika Caution kwa rangi ya njano, na kwenye orodha kuna mstari wa Current Pending Sector nao una njano. Hilo ndilo limenitisha kuliko MB 380. Ina maana gani?

Fundi Rock City (Mwanza)

Ina maana kuna sehemu kwenye diski ambazo imejaribu kuzisoma ikashindwa, na bado haijaamua kama izitenge. Inaweza kuendelea hivyo miezi mingi, inaweza kufa wiki hii. Kwa hiyo mpangilio wetu unabadilika. Kabla ya kufuta hata faili moja, tafuta diski ya nje, hata ya kuazima, unakili Desktop yote, Documents, na kila kilichoko D cha wateja. D na C ziko kwenye diski moja ileile ya chuma. Kuwa na nakala D hakukukingi chochote diski ikifa. Ukikuta faili linagoma kunakilika, liruke, endelea na mengine, utalirudia mwishoni. Usiendeshe defrag (kupanga upya mafaili) wala CHKDSK ya /r (kukagua diski nzima sehemu kwa sehemu) kwenye diski ya namna hii kabla nakala hazijakamilika, maana unailazimisha ifanye kazi nzito ikiwa mgonjwa.

Nakala zikishakuwa salama, tuje kwa waliojaza C.

Mla nafasi wako wa kila siku ni Photoshop. Ikiwa inafanya kazi inaandika mafaili ya muda kwenye Temp, na ikifungwa vizuri inayafuta yenyewe. Umeme ukikatika, yanabaki. Ukiwasha tena inatengeneza mengine mapya, ya zamani hayaguswi. Na ukifuta %temp% Photoshop ikiwa wazi, Windows inakataa kwa sababu yanatumika. Sasa funga Photoshop kabisa, zima kompyuta, iwashe, halafu kabla ya kufungua kitu kingine chochote ingia %temp% ufute yote. Baada ya hapo shikilia Ctrl na Alt wakati unaifungua Photoshop, itakuuliza scratch, yaani mahali pa hayo mafaili ya muda, iwe wapi. Chagua D. Kuanzia hapo umeme ukikatika mabaki yatajaa D, siyo C.

Hiyo spool ni kazi za printa zilizokwama. Mtihani wa mwalimu uko humo. Ukurasa wenye michoro, ukishatafsiriwa kwa ajili ya printa, unavimba mara nyingi kuliko faili lenyewe, na C ikikosa nafasi printa inasimama pale ilipofika. Zima printa. Fungua services.msc, tafuta Print Spooler, bonyeza Stop. Nenda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, futa vilivyomo ndani ya folda hiyo tu, folda yenyewe iache. Rudi ubonyeze Start. Folda nyingine za spool usiziguse, huko ndiko ziliko draiva za printa.

hiberfil.sys ni nafasi ambayo Windows inatengewa kumwagia yaliyomo kwenye RAM kompyuta inapolazwa usingizi mzito. Kwa RAM ya GB 8 ni hizo 3.2 unazoziona. Kwa kompyuta ya mezani haikusaidii, maana umeme ukikatika hakuna betri ya kuipa muda wa kuandika. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /h off, faili linaondoka hapohapo. Utaona kuwaka asubuhi kunachelewa kidogo zaidi, kwa sababu ile Fast Startup inaondoka nayo. pagefile.sys, nafasi ya diski ambayo Windows inaitumia RAM ikielemewa, iache ilivyo. Kwa RAM GB 8, Photoshop, Word na kivinjari vikiwa wazi pamoja, utaihitaji.

SoftwareDistribution ni apdeti zilizopakuliwa. Fungua Disk Cleanup, chagua C, bofya Clean up system files, weka alama kwenye Windows Update Cleanup, Delivery Optimization na Temporary files. Soma orodha yote kabla ya kubonyeza OK: baadhi ya matoleo ya Windows 10 yaliweka Downloads humo. Ukiiona ina alama, iondoe. Na mtu yeyote akikwambia ufute folda ya WinSxS (ghala la vipande vya Windows yenyewe) kwa mkono, kataa. Inaonekana kubwa kwa sababu mafaili yake mengi yanahesabiwa mara mbili, na ukiifuta Windows haitawaka. Ikibidi kuipunguza, amri ni Dism /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup.

Mwisho, Desktop na Downloads. Hizi hatufuti, tunahamisha. Tengeneza kwanza folda D:\Desktop na D:\Downloads. Bofya kulia Desktop yako, Properties, Location, Move, chagua D:\Desktop, kubali ihamishe mafaili. Nakusisitizia: chagua folda, usichague D yenyewe. Ukiielekeza kwenye D tupu, D nzima inageuka kuwa Desktop na kuirudisha ni kazi ya kukesha. Wewe kwa macho hutaona mabadiliko, folda za wateja zitakuwa palepale kwenye kioo.

Bi Cyber (Mombasa)

Salaam dadangu. Niko na cyber hapa Mombasa na kazi yetu ni moja, basi nataka nikuongezee kwa upande wa kuskani, maana GB 9.8 za Desktop si CV. CV mia moja za Word hazifiki hata MB kumi na kitu kama hazina picha.

Panga Desktop kwa ukubwa kwenye WizTree uangalie ncha za majina. Nadhani utakuta .bmp. Skana nyingi za zamani zikisakinishwa zinahifadhi BMP, na BMP haibanwi hata kidogo. Ukurasa wa A4 wa rangi kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) ni nukta 2480 kwa 3508, kila nukta baiti tatu: hiyo ni kama MB 25 kwa ukurasa mmoja. Kwa dpi 600 upana unazidi maradufu na urefu maradufu, basi ni MB 100 hivi. Cheti hichohicho kwa JPEG ya dpi 300 ni MB moja au mbili na kikichapwa kinasomeka hadi muhuri. Na mifumo mingi ya maombi inakataa faili kubwa, kwa hiyo unaskani MB 100 halafu unakaa kuibana tena mteja akikusubiri.

Badilisha mipangilio ya skana leo: dpi 300, JPEG au PDF. Zile za zamani huna haja ya kuzibadilisha moja moja. Kwenye Photoshop yako nenda File, Scripts, Image Processor, mpe folda, chagua Save as JPEG, ubora 8 au 9, atapiga folda zima peke yake. Fungua chache ulinganishe, kisha ndio ufute BMP.

Jambo jingine, na hili nakwambia kama dada: kitambulisho cha mtu na cheti chake cha kuzaliwa si cha kukaa kwenye kompyuta ambayo kila mtu anachomeka flashi. CV ni sawa, mteja anajua unayo na anaitaka. Lakini skani ya kitambulisho ikishatumwa na mteja akaiona imefika, kazi yake kwako imeisha. Mtu mwenye picha ya kitambulisho chako anaweza kujaribu kukopa kwa jina lako. Kwetu kuna sheria ya data ya mwaka 2019, na kwenu mna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, zote hazitaki ukae na taarifa za mtu kuliko kazi inavyohitaji. Mimi kila Ijumaa jioni natoa skani za wiki, na mteja nimemwambia mapema, ameelewa.

Na kwa wasomaji wengine wenye laptop: ile powercfg /h off aliyosema fundi ni ya kompyuta ya mezani. Kwenye laptop betri ikikaribia kuisha, hibernate ndiyo inayookoa kazi ambayo hujaihifadhi. Msiizime kwa ajili ya GB tatu.

Fundi Rock City (Mwanza)

Bi Cyber umenena. Hiyo ya laptop naiunga mkono asilimia mia, ikiwa betri bado inashika chaji.

Dada wa Steshenari (Makambako)

Wakuu, narudi na majibu.

Kaka yangu ana diski ya nje, nimenakili kila kitu usiku kucha. Mafaili mawili yaligoma, yote ni picha za harusi ambazo mwenyewe anazo kwenye simu, nimempigia na ameshanitumia tena. Kisha nikafuata hatua zako moja baada ya nyingine. Temp ikatoa GB 5 na nusu. Spool, nilipofungua ile folda ya PRINTERS nikaona mafaili ya tangu mwaka jana. Hibernate ikaondoka papo hapo. Nilipomaliza kuhamisha Desktop na Downloads, C ikasoma GB 27 ziko wazi. Photoshop inafunguka bila neno, na mtihani wa mwalimu nimeutoa wote, nimempelekea shuleni mwenyewe.

Bi Cyber, zilikuwa BMP kweli, za dpi 600. GB 8 na ushee zimekuwa MB 600 kwa JPEG. Vitambulisho nimevitenga, navifuta wiki hii nikishahakikisha hakuna ombi la mkopo lililosimama. Kuhusu kukaa na kitambulisho cha mtu sikuwahi kuambiwa na yeyote, nashukuru sana.

Fundi, imebaki ile Caution. Nikipata fedha ya SSD, ile diski isiyozunguka, ninunue ya ukubwa gani, na nihamishe vipi?

Fundi Rock City (Mwanza)

Hongera dada, umefanya kazi safi.

Nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5, GB 240 inakutosha, ingawa Windows itaisoma kama 223. Hesabu yako sasa: C inatumia GB 33, D kama 100 baada ya kuzibana zile skani. Jumla 133 hivi, inaingia na kubaki nafasi nzuri. Mashine yako ina nafasi ya kuifunga, ila angalia kama utahitaji waya wa SATA wa ziada. Ni wa bei ndogo, nunua siku hiyohiyo.

Hapa sasa ndipo kupiga Windows kuna maana. Diski yenye Pending Sector sipendi kuiiga nzima kwenda kwenye mpya, unaweza kubeba faili la mfumo lililoharibika bila kujua. Piga Windows safi kwenye SSD, leseni ikiwa halali inajitambua yenyewe kwa sababu imefungwa na ubao wa mashine. Usimruhusu mtu akugawie tena C ndogo na D kubwa: acha C moja nzima, kazi za wateja ziwe kwenye folda, na nakala kwenye diski ya nje. Acha asilimia 15 hivi wazi muda wote. Na SSD haihitaji defrag ya mkono, Windows inajua kuitunza.

Diski ya zamani usimpe mtu na usiiuze hivyohivyo, ina vitambulisho vya wateja wako hata baada ya kufuta. Ichomeke kama diski ya pili, fomati sehemu zake zote, C ya zamani na D, huku umeondoa alama kwenye Quick Format. Tangu Windows Vista, kufomati kamili kunaandika sifuri kwenye sehemu nzima unayoifomati. Itachukua saa kadhaa, na ikikwama katikati kwa sababu ya zile sehemu mbovu, ifungue utoboe sahani zake kwa drili.